Kuishi na Ndugu Mwenye Ulemavu: Tunajibu Barua Zenu

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zimeandikwa na ndugu: dada, kaka, vijana waliokua wakimbeba mdogo wao au wakimsukuma. Mzazi angalau ana kliniki ya kwenda kuuliza. Ndugu hana pa kuuliza. Kwa hiyo nafasi kubwa tumewapa wao.

SWALI: Asalaam alaikum. Nina miaka 19, naishi Makorora. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 12, ana mtindio wa ubongo, hakai mwenyewe wala haongei. Tangu niko darasa la nne mimi ndiye ninayemlisha. Mlo mmoja unakwenda saa nzima, anakohoa, anatapika, na mimi naishia kulia. Wenzangu wakija namfungia chumba cha uani. Mama anasema ni mtihani wa Mungu, nimkubali nitulie. Nataka kumkubali lakini moyo unakataa. Nifanyeje?
*Dada, Makorora*

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yetu. Mtu anayemlisha mtoto kwa hofu ya kumpalia, kila siku, tangu utotoni mwake mwenyewe, lazima achoke, na uchovu usiopumzishwa hugeuka hasira. Hasira hiyo haina maana kwamba humpendi wala kwamba imani yako ni ndogo. Hatukuambii usubiri moyo ulainike kwanza ndipo mambo yawe mepesi. Tuanze na kijiko, maana hapo ndipo mnapoumizana nyote wawili.

Mtoto ambaye misuli yake imekaza, akilishwa huku amelala au ameegemea nyuma, kichwa kinajirusha nyuma na kidevu kinapanda. Hapo njia ya hewa inabaki wazi, na chakula kinashuka kwenye mapafu badala ya tumboni. Kikohozi unachokisikia ni mwili unajaribu kukitoa. Kwa hiyo mkao ndio wa kwanza kabla ya chakula. Mkalishe wima, matako yameingia hadi nyuma ya kiti, nyonga na magoti yamekunjwa kama ya mtu anayekaa vizuri kwenye kiti cha darasani. Miguu isining'inie, weka boksi au matofali mawili chini ya nyayo, kwa sababu miguu inayoning'inia huufanya mwili wote ukaze. Kama hana kiti kinachomfaa, mkalishe kwenye pembe ya kuta mbili, mito huku na huku, na mto mmoja chini ya magoti. Kichwa kiwe mbele kidogo, kidevu kimeelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake, macho yako yawe usawa wa macho yake au chini kidogo. Ukimlisha umesimama atainua uso kukutazama, na tatizo linarudi lilelile.

Tumia kijiko cha plastiki ngumu, kifupi, kisicho na shimo kubwa. Cha chuma akikiuma kinaumiza meno. Na akiuma usikivute: subiri, isogeze shingo mbele kidogo, taya litalegea lenyewe. Pima nusu kijiko cha chai kila mara. Kiweke katikati ya ulimi, kandamiza kidogo kuelekea chini, kisha kitoe moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu. Angalia koo, na mpaka uone amemeza ndipo ulete kingine.

Chakula kiwe kizito cha aina moja: uji unaodondoka polepole kwenye kijiko, ndizi au viazi vilivyopondwa, parachichi, samaki aliyetolewa miba na kupondwa na tui zito. Wali wenye mchuzi mwepesi ndio unaowapalia watoto hawa kupita vyote, kwa sababu mchuzi unatangulia kooni wakati punje bado ziko mdomoni. Maji matupu nayo ni ya hatari. Kwa hiyo akinywa, chukua kikombe laini cha plastiki, kata ukingo wa upande mmoja umbo la nusu duara, pua ipite hapo, halafu lainisha ukingo kwa msasa. Ule upande usiokatwa ndio unaowekwa mdomoni. Ukikiinamisha, pua haigongi na yeye halazimiki kurudisha kichwa nyuma. Mpe kidogo kidogo, fundo moja moja.

Mlo usizidi nusu saa. Baada ya hapo anakuwa amechoka kumeza, na kila kijiko kinachofuata ni hatari zaidi. Gawa chakula mara tano kwa siku badala ya tatu. Akimaliza akae wima nusu saa nyingine. Mengi ya matapishi uliyoandika yanatokana na kulazwa mapema. Ukiona sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, macho yanatoa machozi wakati wa kumeza, anapungua uzito, au homa za kifua zinarudi kila mara, mpelekeni hospitali ya Bombo aonwe na daktari na mtaalamu wa mazoezi tiba. Hilo lisingoje.

Kumbeba pia kuna kanuni, na mgongo wako wa miaka 19 unauhitaji miaka mingi bado. Usimvute mikono: bega la mtoto wa namna hii hutoka kirahisi. Mgeuze ubavu kwanza, kunja nyonga na magoti yake kuelekea tumboni. Mwili uliokunjwa hulegea. Ulionyooka hukaza na kukuponyoka. Ndipo pitisha mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, mvute kifuani kwako, simama kwa nguvu ya magoti. Akiwa mzito, muwe wawili: mmoja nyuma, mwingine kwenye mapaja, mhesabu pamoja kabla ya kuinua.

Sasa habari ya wenzako na chumba cha uani. Umeandika kwamba haongei. Hukuandika kwamba haelewi, na wengi wenye mtindio wa ubongo wanaelewa kuliko wanavyodhaniwa. Jaribu hivi. Shika kikombe mkono wa kushoto na kijiko mkono wa kulia, mbele ya uso wake, viachane kama sentimita 30. Sema, "Maji au uji?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Watu wengi hukosea hapa: baada ya sekunde tatu wanarudia swali, na mtoto analazimika kuanza upya kupanga shingo na macho yake. Ukinyamaza utaona macho yanahangaika, yanapita, yanarudi, yanatua kwenye kimoja. Mpe alichokitazama, hata kama unadhani amekosea. Fanya hivyo kila mlo. Wiki chache zikipita anza maswali mengine: shati hili au lile, ndani au barazani.

Na siku wenzako wanakuja, muulize yeye: akae nao sebuleni, au abaki kwake? Kuna siku atachagua kubaki, naye ana haki hiyo. Akichagua kuja, wageni wape sentensi moja tu: "Huyu ni mdogo wangu, ubongo wake uliumia, mwili haumtii lakini anasikia, msalimieni." Wengi huwa hawajui tu waanzie wapi. Mtu anapoanza kuuliza na kujibiwa, hata kwa macho, unajikuta unaishi na ndugu mwenye anachopenda na asichopenda, na ule mzigo wa kufunga mlango unapungua.

Mama tunamheshimu, lakini mtihani huu ni wa nyumba nzima. Mwambie kwa adabu, siku ambayo hamjagombana: "Mama, mimi nitashika asubuhi na usiku, mchana na siku ya Jumapili naomba mtu mwingine." Wafundishe hao wengine kulisha kama tulivyoeleza, wakuangalie mara tatu kabla ya kuachiwa peke yao. Kisingizio kwamba "anakula kwako tu" huisha mkao na kijiko vikifanana kwa kila mtu.

SWALI: Mimi ni kaka, naishi Duga. Dada yangu ana miaka 16, alizaliwa na mgongo wazi (uti wa mgongo haukujifunga vizuri tumboni), miguu haina nguvu. Mwaka jana alipewa kiti mwendo cha msaada. Tulifurahi, lakini hakipendi, anakaa amepinda, na nikimsukuma ananigombeza. Mtaani kwetu ni mchanga mtupu. Nimechoka kulaumiwa na mimi ndiye ninayemsaidia.
*Kaka, Duga*

JIBU: Kaka, kabla ya kusema dada hana shukrani, chukua futi kamba ya fundi cherehani.

Akae, matako yaguse kabisa sehemu ya kuegemea. Angalia kati ya nyonga na ubao wa pembeni: panatosha kiganja kilicholala wima tu kila upande. Pakizidi hapo kiti ni kipana. Ataegemea upande mmoja, uti wa mgongo utapinda polepole, na mikono italazimika kwenda mbali kufikia magurudumu mpaka mabega yaume. Angalia nyuma ya goti: kati ya goti na ukingo wa kiti paingie vidole viwili vitatu. Kama ukingo unagusa goti, kiti ni kirefu; atateleza mbele na kukalia mfupa wa mkia. Nyayo zilale zote kwenye sehemu ya miguu, mapaja yamelala sawa. Mkono akiuweka juu ya gurudumu, kiwiko kikunjike kama pembe ya meza au zaidi kidogo.

Viti vingi vya msaada vinapimwa kwa macho, na msichana hupewa cha mtu mzima. Haina maana mkirudishe. Fundi wa magodoro anaweza kukata sponji ngumu ya kuweka nyuma ili kupunguza urefu, na vipande viwili vya pembeni. Seremala ataongeza kibao sehemu ya miguu. Ila akipata mtaalamu wa viti kwenye hospitali, apimwe naye. Mkao wa mgongo unaokua si wa kubahatisha.

La muhimu kuliko yote ni cha kukalia. Mwenye mgongo wazi mara nyingi hasikii maumivu matakoni, kwa hiyo kidonda kinaanza bila yeye kujua. Sponji iwe ngumu, unene wa sentimita 5 hadi 8, na ijaribiwe: akiwa amekaa, pitisha vidole chini ya mfupa wa tako juu ya sponji (afanye mama au dada mwingine, siyo wewe). Vikibanwa kiasi cha kutotikisika, sponji hiyo haimfai. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajiinue kwa mikono au ainame mbele na pembeni kidogo, damu ipite. Jioni aangalie ngozi kwa kioo. Alama nyekundu, au kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au ngumu, isiyopotea baada ya nusu saa bila kukaliwa, maana yake asikalie hapo kabisa mpaka ipone. Ikichubuka, hospitali.

Kuhusu mchanga: usimsukume mbele, magurudumu madogo yatazama na atapigwa uso chini. Geuka, uinamishe kiti kidogo nyuma, umvute ukirudi kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Matairi ya nyuma mara nyingi ni saizi za baiskeli, inchi 24 au 26, na mafundi baiskeli wa Ngamiani wanabadilisha tyubu na spoki bila taabu. Yale madogo ya mbele hayapatikani hivyo, yatunzeni. Hewa ya bahari inakula chuma: futa kwa kitambaa chenye mafuta kila wiki, tia grisi kwenye beringi kila mwezi, kaza nati.

Na ugomvi wa kusukumwa? Kile kiti ni miguu yake. Wewe hungependa mtu akushike kiuno ghafla akupeleke anakotaka. Uliza, "Nikusukume?" Akisema hapana, tembea pembeni yake, siyo nyuma, hata kama mtachelewa. Akitaka msaada kwenye mchanga atakuita. Ugomvi mwingi kati ya ndugu wa umri huu unaanzia kwenye msaada ambao haukuombwa, na anayesaidia huumia kweli akikataliwa, tunalielewa hilo. Lakini ana miaka 16, na kijana yeyote wa miaka hiyo anataka kwenda dukani bila kusindikizwa.

SWALI: Mwanangu wa kwanza ana mtindio wa ubongo na kifafa. Wa pili ni binti wa miaka 7. Siku hizi amerudia kukojoa kitandani, shuleni anapigana, na juzi ameniuliza, "Mama, na mimi nitakuwa kama kaka?" Nikamwambia anyamaze. Nimjibuje?
*Mama, Ngamiani*

JIBU: Mjibu leo, mama. Mtoto wa miaka 7 asipoambiwa sababu hujitungia yake, na mara nyingi anajiweka yeye kuwa ndiye sababu: "Nilimkasirikia ndiyo akaanguka." Mwambie kwa sentensi fupi. Ubongo wa kaka uliumia, wewe hutakuwa hivyo kwa kucheza naye wala kula naye, haiambukizi. Hakuna aliyemroga na hakuna aliyekosea. Si kwa sababu ulimkasirikia. Watu wote hukasirikiana nyumbani. Kisha mwache aulize tena kesho swali lilelile, nawe ujibu vilevile.

Kifafa kimemtisha kuliko unavyojua. Mpe kazi moja: kumwita mtu mzima mbio. Ninyi wakubwa mlazeni mtoto ubavu, legezeni nguo shingoni, ondoeni vitu vigumu pembeni, mtazame saa. Msitie kijiko wala kidole mdomoni: meno huvunjika, na ulimi haumezwi. Ikifika dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Dawa zisikatwe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka. Kukatisha ndiko kunakoleta degedege kali.

Halafu tenga dakika 15 kila siku za binti peke yake, kaka akiwa na baba au bibi. Zisiwe za kazi za shule, zisiahirishwe kwa sababu ya kaka. Kazi za kumsaidia kaka kwa umri wake ni kuleta kijiko, kuchagua shati, kumsomea kitabu. Asimbebe, asimwogeshe, asiachwe naye peke yake. Kukojoa kitandani kukiendelea wiki kadhaa, au akilalamika anaumia akikojoa, apimwe mkojo. Isije ikawa ni ugonjwa mnaudhania huzuni.

SWALI: Nimechumbiwa. Upande wa mchumba wamesikia mdogo wangu ana ulemavu, wanauliza kama ni wa kurithi. Niseme nini?
*Binti, Chumbageni*

JIBU: Inategemea ulemavu wenyewe, na hukuutaja. Mtindio wa ubongo kwa kawaida haurithiwi. Hutokana na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya uchanga, au homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwani. Ualbino ni wa kurithi, lakini mpaka baba na mama wote wawili wabebe kasoro hiyo, na hata hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Mgongo wazi una uwezekano kidogo zaidi ndani ya ukoo, na una kinga: foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, ianzwe kabla ya mimba na iendelee hadi wiki 12. Mweleze daktari kuhusu mdogo wako mapema, kwa sababu kipimo chako kinaweza kuwa kikubwa zaidi. Uziwi na ulemavu wa akili vina vyanzo vingi, vinahitaji kuulizwa hospitali. Mdogo wako asifichwe siku ya posa. Akifichwa siku hiyo atalazimika kufichwa na kwenye harusi, na kwenye kila sikukuu baada yake.

SWALI: Wazazi wetu ni wazee. Dada yetu wa miaka 31 ana ulemavu wa akili, anaishi nao Msambweni. Ndugu tuko wanne, wawili Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mimi hapa. Kila tukikaa tunagombana nani atamchukua.
*Kaka wa pili*

JIBU: Mnagombana nani atamchukua, na katika barua nzima haionekani kama yeye ameulizwa anataka kukaa wapi. Mwekeni kikaoni. Muulizeni kwa vitu anavyovijua: kulala kwa nani, kupika na nani, kanisani au msikitini na nani. Kabla ya kuamua chochote, akakae wiki mbili kwa kila mmoja wenu wakati wazazi wapo, mwone anavyokuwa.

Gawaneni kwa kazi, siyo kwa mtu. Wa mbali atoe kiasi cha kila mwezi kinachojulikana na amchukue likizo. Wa karibu ashike siku kwa siku. Mwachieni wa karibu mapumziko ya kweli, la sivyo baada ya mwaka atakuwa amechoka na mtamwita mbaya. Vyeti vyake vishughulikiwe sasa, wazazi wakiwa hai: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kitambulisho cha NIDA, bima. Kama wazazi ni Waislamu, ulemavu haumzuii kurithi. Fungu lake ni lilelile la binti, na asiyeweza kusimamia mali husimamiwa. Yaandikeni hayo mbele ya wazee na shehe. Kajitambulisheni pia kwa afisa ustawi wa jamii na kwa kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa, iliyowekwa kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010.

Mwisho, wekeni daftari pana la kumbukumbu zake. Ukurasa wa kwanza: dawa, kipimo, saa, na dawa zinazomdhuru. Wa pili: anaamkaje, anakula nini, anaogopa nini, nini kinamtuliza akikasirika, anasemaje akitaka choo. Wa tatu: nani anaruhusiwa kumsaidia kuoga, na kwamba yeye mwenyewe amefundishwa kusema hapana kwa mwingine yeyote. Wa nne: anachoweza kufanya mwenyewe, ili atakayempokea asije akaanza kumfanyia kila kitu. Mama aseme, mmoja wenu aandike, dada akiwepo. Atawasahihisha penye makosa. Kila baada ya miezi sita lisomwe upya, maana dawa hubadilika. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa shangazi au jirani mnayemwamini, kwa ajili ya siku nyote mmeitwa msibani Pangani na yeye amebaki.